Muulize Bibi Shamba: Akishapiga dawa lazima anywe maziwa

Shikamoo Bibi Shamba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa tatu yuko njiani, mimba ya miezi mitano. Tunaishi kijiji kimoja nje kidogo ya Ilula, tunalima nyanya kwenye kinyungu chetu, yaani bustani ya bondeni, karibu kabisa na mto. Ada ya shule inatoka humo, bati za nyumba zimetoka humo. Kwa hiyo sikuandikii kulalamikia kilimo.

Shida yangu ni mume wangu na dawa. Msimu huu kantangaze, wale wadudu wa nyanya, wametuvamia vibaya. Zamani alikuwa anapiga mara moja kwa wiki, sasa hivi ni hata mara tatu. Anachanganya dawa mbili au tatu kwenye bomba moja la kubeba mgongoni, anapima kwa kizibo cha soda, anakoroga kwa mkono. Nozeli ikiziba anaipuliza kwa mdomo. Bomba lenyewe lina ufa karibu na mfuniko, likijaa linamvujia mgongoni, akirudi nyumbani amelowa kuanzia shati mpaka suruali. Miguuni ni kandambili, usoni ni ile barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu kipindi cha korona. Nikimwambia ananijibu, "Baba alipiga dawa miaka yote na amezeeka salama."

Jioni ya siku aliyopiga, kichwa kinamuuma, anatokwa jasho, mate yanamjaa mdomoni, na macho anasema yana ukungu. Mara mbili ametapika. Anasema ni malaria. Tulienda zahanati, wakampima, malaria hakuna, wakampa dawa za maumivu tukarudi. Na kila akitoka kupiga dawa ni lazima anywe maziwa fresh nusu lita, anasema yanakata sumu. Siku yakikosekana ni ugomvi.

Nguo zake nafua mimi, pamoja na za watoto. Asubuhi yake mimi na watoto tunaingia kuvuna, maana gari la matenga linakuja Alhamisi na yeye anapiga Jumanne au Jumatano. Nyanya za kula nyumbani tunachuma kwenye tuta la pembeni ambalo halipigwi dawa.

Juzi tena shemeji yangu ameumwa na nyoka akipalilia huko huko bondeni. Wakamfunga kamba, wakamchanja, wakamwekea jiwe jeusi eti linyonye sumu. Amepona, ila mguu una kidonda kikubwa. Sasa naogopa kila kitu. Je, maziwa yanasaidia kweli? Na nifanyeje na mtu asiyesikia? Na hiyo ya nyoka, walifanya sawa?

Mama Wawili, Ilula

*

Marahaba mwanangu, na pole na ujauzito kwenye hekaheka zote hizo.

Nianze na maziwa, maana ndiyo yanayowagombanisha. Hayasaidii. Najua imani hiyo imeenea: mafundi rangi wanakunywa maziwa, wachomelea vyuma wanakunywa maziwa, na mpiga dawa naye hataki kubaki nyuma. Lakini maziwa yanaenda tumboni, na dawa iliyomwingia mumeo sehemu kubwa haikupitia tumboni. Imepita kwenye ngozi. Anapokaa kwenye kigoda na kikombe chake jioni, dawa imeshaingia kwenye damu saa nyingi. Tena maziwa yenyewe yana madhara ya aina yake, kwamba yanampa moyo wa kurudi shambani na bomba lile lile linalovuja. Maziwa hayo wape watoto.

Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo walivyofanya kwa kuwapaka watu kiasi kidogo cha dawa iitwayo parathion sehemu mbalimbali za mwili, wakaangalia kiasi gani kinaingia ndani. Kwenye mkono, chini ya kiwiko, iliingia kama asilimia 9. Kwenye ngozi ya kichwa kama asilimia 32, paji la uso 36, kwapani 64. Kwenye korodani iliingia karibu yote. Parathion ni ukoo mmoja na profenofos na chlorpyrifos, dawa za wadudu ambazo wakulima wetu wa nyanya wanazijua vizuri. Sasa fikiria bomba lenye ufa. Linavuja mgongoni, maji ya dawa yanafuata uti wa mgongo, yanaingia kwenye mkanda wa suruali, yanatuama hapo hapo mpaka atakapovua nguo. Msomee mumeo mistari hii taratibu. Ninapofundisha vikundi vya wakulima, wanaume huanza kunisikiliza nikifika hapo.

Hayo anayoyaita malaria nayo nisingeyapuuza. Kichwa, jasho, mate kujaa, macho kuona ukungu, kutapika, na yote yanakuja jioni ya siku aliyopiga dawa: huo ndio mwenendo wa sumu ya ukoo huo. Ujumbe wa neva ukishafika kwenye msuli au tezi, mwili una kimeng'enya cha kuufuta. Kinaitwa kolinesterase. Dawa hizi zinakifunga mikono, basi tezi ya mate inaendelea kutoa mate, ya jasho inaendelea kutoa jasho, misuli inaendelea kushtuka. Na mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kimeng'enya kipya cha kutosha. Anayepiga mara tatu kwa wiki haupi mwili nafasi, kila dozi inamkuta bado hajapona ile iliyotangulia. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga dawa msimu mzima akiona kawaida, siku moja akaanguka kwa kiasi kile kile alichokizoea.

Kwa hiyo kabla ya yote, mumeo aache kupiga dawa kwa sasa, aende hospitali kubwa zaidi ya zahanati. Akifika asisubiri kuulizwa. Aseme mwenyewe: "Ninapiga dawa ya nyanya mara tatu kwa wiki, na dawa zenyewe ni hizi." Abebe chupa au lebo zake kwenye mfuko wa nailoni. Daktari asiyejua kazi ya mgonjwa atatibu kichwa kinachouma, na simlaumu sana. Kuna kipimo cha damu cha hicho kimeng'enya. Hakipo kila mahali, ila kukiuliza hakuna gharama. Na wakati anapumzika, bomba lile lile asimkabidhi kijana wa kibarua. Huyo naye ana ngozi.

Dalili za kutokusubiri hata dakika ni hizi: mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kucheza yenyewe, kifua kujaa makohozi, kupumua kwa shida, kushindwa kujizuia haja, kuchanganyikiwa. Mtoe shambani, mvue nguo zote zilizolowa bila aibu, mwogeshe kwa maji mengi na sabuni, nywele na kucha pia. Wewe unayemwogesha vaa glavu, au mwachie mtu mwingine kwa sababu ya mimba. Macho yakiingiwa, yamwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mlaze kwa ubavu, kisha gari. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi ili atapike. Kutapisha kunaweza kuipeleka dawa kwenye mapafu. Hospitali wana atropini, dawa ya kupingana na sumu hii.

Tuje kwenye bomba. Watu wakiambiwa kinga wanakimbilia barakoa, kwa kuwa harufu ndiyo inayowasumbua. Mimi ningeanza na ufa. Mpira wa mfuniko ukichoka unabadilishwa. Tangi likipasuka linabadilishwa, halizibwi kwa plastiki ya kuyeyusha moto wala sabuni ya kipande. Asilijaze mpaka shingoni. Kabla ya kutia dawa alitie maji matupu, alibebe, atembee nalo uani huku wewe unamwangalia mgongoni. Likidondosha hata tone, siku hiyo hakuna kazi. Hata likiwa zima, nailoni nzito ifungwe mabegani ishuke mpaka chini ya makalio, bomba likae juu yake. Haipendezi machoni, lakini nguo zinabaki kavu.

Saa ya hatari kuliko zote si ile ya kupuliza. Ni ile ya kufungua chupa, kwa sababu hapo dawa bado ni kali, haijakutana na maji. Tone moja pale linabeba dawa nyingi kuliko matone mengi ya ile iliyokwishachanganywa na maji. Ndipo anapokoroga kwa mkono! Glavu ziwe zile nene za raba za duka la pembejeo, si hizi laini za hospitali zinazochanika kwa ukucha. Macho yafunikwe kwa miwani, maana dawa hurukia usoni wakati wa kumimina. Kipimo kiwe kile kinachokuja na dawa, na kijiti cha kukorogea kibaki shambani maisha yake yote. Hicho kizibo cha soda kichomwe tundu na kutupwa mbali na watoto. Nozeli ikiziba, iloweke kwenye maji na kuisugua kwa mswaki chakavu, au tumia kijiti cha jani. Kuipuliza kwa mdomo ni kuinywa dawa.

Miguuni avae gambuti, na suruali ishuke nje ya buti, isichomekwe ndani. Ikichomekwa, matone yote yanayoteremka mguuni yanaingia ndani ya buti na kukaa humo mpaka jioni. Ile barakoa ya kitambaa akiilowesha dawa, amejifungia dawa mdomoni. Bora ile ya chujio inayotajwa kwenye lebo, na kama haipo, basi apige saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, upepo ukiwa umetulia, akipuliza huku upepo ukimtokea kisogoni, na asitembee ndani ya safu aliyotoka kuilowesha. Asubuhi hiyo pia overoli haichomi sana, kwa hiyo hana kisingizio cha joto.

Nguo hizo si zako kufua, mwanangu, siyo na mimba hiyo. Afue mwenyewe, peke yake, kwenye beseni ambalo halirudi ndani, akiwa na glavu, na maji yamwagwe mbali na mto na kisima. Huko bondeni mto mnaoga, mnachota, na mifugo inakunywa, hivyo na bomba lisioshwe mtoni. Maji ya kusuuzia chupa yarudi ndani ya bomba, yapigwe shambani; asuuze mara 3, kisha aitoboe chupa ili asitokee mtu wa kuiwekea mafuta ya taa. Dawa zikae kwenye boksi lenye kufuli nje ya nyumba, kwenye chupa zake zenye lebo. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa msiinunue hata ikiuzwa nusu bei. Kwa mtoto ile ni soda.

Haya, kwa nini anapiga mara tatu? Kwa sababu mdudu hafi. Hapo ndipo ningeweka nguvu kuliko kwenye glavu zote. Kantangaze aliingia kwetu mwaka 2014, na kiwavi wake anajificha ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, au ndani ya tunda lenyewe. Dawa ya kugusa inalowesha jani kwa nje, yeye yuko ndani anakula. Isitoshe, anazoea dawa haraka. Sasa chukueni hizo chupa tatu anazochanganya mkazisome, siyo jina kubwa la biashara bali lile jina la kiambata, yaani sumu yenyewe inayoua mdudu, lililoandikwa kwa herufi ndogo. Nimekuta mara nyingi chupa tatu za rangi tofauti, kiambata kile kile. Hapo hajachanganya dawa tatu, amezidisha moja mara tatu, na mdudu aliyeizoea anaendelea kula.

Angalieni pia utepe wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali sana, wa njano unafuata, kisha wa bluu, halafu kijani. Msinunue yenye mwekundu. Namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) iwepo. Kisha mwambie abadilishe kundi la dawa, siyo chapa. Aweke mitego ya harufu ya jike juu ya beseni la maji yenye sabuni, madume wanajiangusha humo, na akiona idadi yao inapanda ndipo anajua wakati wa kupiga. Majani yenye michirizi myeupe yachumwe na kufukiwa kwa kina, yasirundikwe pembeni. Na baada ya nyanya msirudie nyanya wala viazi mviringo. Wekeni mahindi, maharage au vitunguu. Akitoka kwenye mara tatu akarudi kwenye mara moja, amejikinga kuliko overoli yoyote.

Kuhusu kumfanya asikie: usimwambie mbele ya watu, wala siku ya ugomvi wa maziwa. Hoja ya baba mkwe ijibu kwa heshima, kwamba mzee alipokuwa anapiga dawa kantangaze alikuwa hajafika nchini. Hakuna ubishi hapo, wala hujamdharau mzee. Zaidi ya hapo, mwombe bwana shamba wa kata apite kinyungu chenu kuangalia mdudu, siyo kuangalia mumeo. Mwanaume anayekataa kuambiwa na mkewe "vaa buti" huyavaa akiyaona kwa bwana shamba.

Shemeji yako apate pole zangu. Hapana, hawakufanya sawa. Mabonde kama hayo ni makazi ya kifutu, nyoka mnene mvivu asiyekimbia ukimkaribia, na sumu yake inaozesha nyama. Ukifunga kamba unazuia damu na kuifungia sumu mahali pamoja, kidonda kinakuwa kikubwa zaidi. Kuchanja kunaongeza damu na uchafu. Jiwe jeusi halifanyi kitu. Kinachotakiwa ni kumtuliza, kuvua viatu na pete, kuufunga mguu na ubao usicheze, na kumpeleka hospitali bila kumtembeza. Kwenye bodaboda akae katikati ya watu wawili. Wakati wa kupalilia vaeni buti, na mtangulize fimbo kwenye majani kabla ya mkono. Na hicho kidonda kisafishwe hospitali, huku akiulizia sindano ya pepopunda. Wewe nadhani umeshachomwa kliniki ya wajawazito, lakini wanaume wetu wanajikata na majembe miaka na miaka bila kuchomwa hata moja.

Nimebakiza lile tuta la pembeni. Hukuniuliza, lakini umeliandika mwenyewe: za kula nyumbani hazipigwi dawa. Maana yake mnajua. Kila lebo ina siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14, na mkichanganya mnafuata ile ndefu. Nyanya iliyopigwa Jumanne ikapanda gari Alhamisi inakwenda kwa mama mwingine mwenye mimba kama yako, na njiani imepita mikononi mwako na kwa wanao. Wewe na watoto msiingie shambani siku inayofuata kupigwa dawa. Lebo inasema mkae nje muda gani. Ikiwa kimya, subirini siku nzima na umande ukauke, na wakati wa kuvuna wachumaji wavae mikono mirefu. Kama gari ni Alhamisi, vuneni Jumatano, nyanya zilizoiva na zinazogeuka zote, mjaze matenga. Apige Ijumaa asubuhi kwenye zile mbichi zilizobaki, kwa dawa ambayo siku zake zitaisha kabla ya Jumatano ijayo. Ikiwa hazitaisha, wiki hiyo asipige.